Bi Aurica Anaambiwa Ameondoka

Kura ya kuni ilipigwa Jumapili baada ya misa, na Bi Aurica aliingia ukumbini akiwa ameshavaa glavu za kazi. Hapakuwa na kazi yoyote ya kufanya mle ndani. Alizivaa kwa furaha tu, maana siku hiyo aliipenda kuliko Krismasi. Kila mwaka, baridi inapokaribia, msitu wa misonobari ulio juu ya kijiji cha Peñacierva hugawanywa mafungu, na kila nyumba hupata fungu lake la kukata kuni. Masharti ni mawili na kila mtoto anayajua: uwe umeandikwa katika daftari la wakazi, na dohani ya nyumba yako iwe inatoa moshi. Hawa wa kuja kulala wiki mbili za kiangazi na kupiga picha mbuzi, na wakanunue gesi.

Meya Hilario alikuwa akichomoa vikaratasi kutoka kwenye kofia ya marehemu baba yake na kusoma majina. Aliyesomwa aliitikia "Nipo", akaambiwa fungu lake liko upande gani, akaanza hapo hapo kulalamika kwamba la jirani yake ni bora zaidi. Wakaendelea hivyo mpaka Hilario akaigeuza kofia juu chini na kuikung'uta.

"Basi, imekwisha. Atakayekata mti usio wake asinijie na machozi."

Watu wakaanza kunyanyuka. Bi Aurica akabaki pale pale, amekaa na glavu zake, akidhani anafanyiwa utani. Wahispania wa milimani hutania hivyo, bila kucheka, na mgeni asipokuwa mwepesi anaweza kutaniwa mwaka mzima asijue. Lakini yeye hakuwa mgeni. Alikuja Peñacierva kutoka Romania na mume wake Neculai wakati kiwanda cha mbao kilipokuwa kinafanya kazi usiku na mchana, na Neculai sasa alikuwa amelala makaburini, upande wa ukuta unaopata jua.

"Hilario," akasema, "na mimi?"

"Wewe vipi?"

"Jina langu halijasomwa."

Meya akachungulia ndani ya kofia. "Kofia haina kitu, Bi Aurica."

"Naona haina kitu. Nauliza kwa nini sikuwamo."

"Labda umeanguka chini," akasema mzee mmoja, na wazee wengine wakainama kwa taabu, wakaanza kutafuta chini ya viti. Waliokota kifungo cha koti na nusu ya biskuti. Hilario akavaa miwani yake, akakunjua orodha aliyoachiwa na katibu wa manispaa, akapitisha kidole.

"Castro. Halafu Cuesta."

"Kati yao niko mimi. Ciobotaru."

"Mwaka jana ulikuwapo hapo."

"Hata mwaka huu nipo, Hilario. Niko hapa nimekaa."

Hilo halikuwa na ubishi, na ndiyo maana lilimchanganya kila mtu. Hilario akatoa simu akampigia katibu, ambaye Jumapili alikuwa kwao mjini anakula na wakwe. Wakamsikia akisema ndiyo, ehe, ndiyo, ehe. Alipokata simu alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa kupeleka habari asiyoielewa.

"Begoña anasema umeondoka."

"Nimekwenda wapi?"

"Hajui. Nje ya nchi."

Bi Aurica akatazama glavu zake, akazivua moja moja. Ni ajabu jinsi mtu anavyoweza kuwa na uhakika wa jambo, na bado likisemwa na ofisi akajikuta anajipapasa. Kwa nukta moja alijiuliza kama kweli hakuondoka.

Hilario akamvuta kando, karibu na mlango, mahali pa kubandika matangazo ambapo hakuna anayesoma tangazo lolote isipokuwa la sikukuu ya mtakatifu. "Kuna jambo jingine," akasema, akishusha sauti. "Wiki iliyopita baraza lilikaa. Kuna familia inataka kuhamia hapa kutoka Zaragoza, wana watoto, na wewe unajua hali ya shule yetu. Tumewapa nyumba iliyo wazi."

"Ipi hiyo?"

Hilario akazidi kushusha sauti. "Namba tatu, Mtaa wa Juu."

"Hiyo ni nyumba ya mwalimu."

"Ndiyo."

"Mimi ndiye ninayeishi nyumba ya mwalimu."

"Najua."

"Hilario, juzi umekuja kwangu ukala kabichi na nyama. Ukaongeza sahani."

"Sasa mimi nitajuaje? Ilisomwa 'namba tatu, Mtaa wa Juu'. Nani hapa anajua namba za nyumba? Ingesomwa nyumba ya mwalimu ningeruka juu. Nilinyoosha mkono na wenzangu, nikadhani ni moja ya yale magofu." Alikuwa na haya ya kweli, masikio yamemwiva. "Nyumba ni ya manispaa, hupewa mwenye jina daftarini. Jina lako halimo, kwa hiyo kwenye karatasi ile nyumba ni tupu. Ufunguo wanapewa mwisho wa mwezi. Njoo Jumanne Begoña akiwepo. Tutafute nani amesema umeondoka."

Bi Aurica hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Visitación, jirani na shoga yake, ambaye hakwenda kwenye kura kwa kuwa mguu ulikuwa unamsumbua. Alimkuta jikoni, amefunga aproni ya bluu, anakaanga makombo ya mkate kwa kitunguu saumu na soseji.

"Visi, kuna mtu kaniua."

"Keti kwanza. Nani?"

"Sijui. Kaenda kusema nimeondoka. Wamenifuta kwenye daftari, na nyumba wamempa mtu mwingine."

Visitación aliacha mwiko ndani ya kikaango. Kisha, jambo ambalo Bi Aurica hakulitegemea hata kidogo, akatabasamu kwa fahari kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Ehe, kumbe ni yule kijana. Alikuja wakati wa kuvuna vitunguu, wewe ulikuwa zahanati unasafisha. Kijana wa mkoani, fulana ya njano inayong'aa, faili kwapani. Akaniuliza, 'Bi Ciobotaru anaishi hapa?' Nikamtazama hivi. Nikamwambia, 'Alishakwenda zake zamani, mwanangu. Hao wote walirudi kwao.'"

"Wewe?"

"Mimi mwenyewe. Wala sikupepesa macho."

"Kwa nini, Visi?"

"Kwa nini!" Visitación akashangaa kuulizwa. "Mtu ana faili, Aurica. Mtu mwenye faili anakutafuta, mimi nimwambie yuko zahanati, nenda kamkamate? Marehemu baba yangu alijificha kwenye tanuru la mikate walipokuja wenye mafaili. Hapa hatumtoi mtu. Nilikulinda, shoga yangu."

Bi Aurica akakaa. Hakujua acheke au amrushie kikaango. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Peñacierva na aliujua vizuri. Yeye mwenyewe aliwahi kumwapia mtu wa kodi kwamba mbwa wa Fermín ni wa kijiji kizima. Mgeni akiuliza habari za jirani yako, jirani hayupo, hujamwona, na ukibanwa sana, hata humjui. Hakuna aliyewahi kufundishwa hivyo; walizaliwa nao, kama pua.

"Basi nitamwomba Fermín anishuhudie," akasema.

Visitación akarudi kwenye kikaango haraka kupita kiasi.

"Visi. Fermín naye kaulizwa?"

"Alitoka kwangu akaenda kwa Fermín. Fermín kasema uliondoka mwezi wa nane na basi la Bucharest." Akakoroga. "Kasema ulilia sana. Kasema aliyebeba sanduku ni yeye."

"Sanduku."

"La kijani. Unamjua Fermín, akianza hajui pa kuacha."

Wakala makombo. Kijiji kizima kilikuwa kimemfukuza kwa mapenzi, na yeye hakuwa na wa kumkasirikia. Lakini jambo moja lilimfanya aweke kijiko chini.

"Ila Visi, mngeweza kusema nimekwenda sokoni. Mngesema mmenisahau jina. Kwa nini nyote mmesema nimerudi kwetu?"

Visitación akafuta mikono kwenye aproni. Safari hii hakutabasamu. "Kwa sababu ndivyo usemavyo wewe."

"Mimi nimesema nini?"

"Kila mwaka. Majani yakianza kuanguka tu, utasikia: huu ndio msimu wangu wa mwisho hapa. Mwaka aliofariki Neculai ulisema. Kiwanda kilipofungwa na wenzenu wakaanza kuondoka nyumba kwa nyumba, ukasema. Mwanao Doru alipopakia watoto kwenye gari, ulisimama pale barabarani ukamwambia mbele yetu sote, 'Tangulieni, nami nakuja.' Mimi niliingia ndani nikalia. Hukujua, eh? Kwa hiyo yule kijana aliponiuliza, uongo ulikuja mdogo sana. Ulikuwa umeshautengeneza wewe."

"Nilikuwa nasema tu."

"Na Doru naye unamwambia tu?"

Bi Aurica akachukua glavu zake mezani, akashukuru kwa chakula, akatoka.

Doru alipiga simu alasiri hiyo kama kawaida ya Jumapili. Alikuwa mwanawe wa pekee. Aliletwa Peñacierva angali hajaota meno ya mbele vizuri, akasomea hapo, akaoa hapo binti wa Kiromania, akafanya kazi pale pale alipofanyia baba yake. Kiwanda kilipokufa akaamua kurudi kwenye nyumba ambayo wazee wake walikuwa wameijenga kule kwao kwa miaka yote ile ya jasho, tofali kwa tofali, bila kulala humo. Sasa aliyekuwa akilala humo ni yeye. Alimwambia mama yake kwamba chumba cha juu kimepakwa rangi, kwamba jiko la vigae limeshajengwa ukutani, kwamba wajukuu wamegombana nani atalala na bibi.

"Pasaka, mama?"

"Pasaka," akasema Bi Aurica. Alikuwa amesema Pasaka, na kabla ya hapo alisema Krismasi, na kabla ya hapo alisema mavuno ya maboga. Hakumwambia habari za kofia wala za nyumba. Alipokata simu akazunguka ndani mwake akigusa vitu, meza, pazia, kitasa, na kwa mara ya kwanza hakujua anavigusa kwa kuaga au kwa kuvishika visiende. Alikasirika na kila mtu, kisha akakosa nguvu za kukasirika. Ikiwa mtu anasema anaondoka na haondoki, yuko wapi huyo?

Jumanne ofisi ya manispaa ilikuwa na baridi, na Begoña alikuwa amekaa na koti mwilini. Alikuwa katibu wa vijiji vinne, kila kimoja kina siku yake, na Peñacierva alikuwa ameanza kuja msimu wa kuchipua tu. Alipomwona Bi Aurica anaingia na Visitación na Fermín, na Hilario nyuma yao, aliinua nyusi.

"Kumbe Ciobotaru ni wewe? Mama, wewe si ndiye unayesafisha zahanati? Tunasalimiana kila mara."

"Ndiye mimi. Nimeondoka, kama unavyoniona."

Begoña akatabasamu shingo upande. Alikuwa mtu wa haki, lakini amechoka. Akaeleza. Wageni wengi walikuwa wanaondoka nchini bila kuaga ofisi yoyote, na vijiji vilibaki na majina yasiyo na watu. Basi mkoa ukamtuma mkaguzi apite nyumba kwa nyumba. Nyumba ya Ciobotaru iliandikwa chini ya Doru, mke wake, watoto wawili na mama. Doru kaondoka na mkewe na watoto. Mkaguzi akagonga, hakujibiwa, akauliza majirani. Yeye Begoña akaandika, meya akatia sahihi.

"Mimi?" akasema Hilario.

"Wewe hutia sahihi kila kitu ili ninyamaze."

Hilario akaanza kuifuta miwani yake.

"Sasa sikilizeni," Begoña akaendelea. "Nikimwandikisha leo upya, atakuwa mkazi wa leo. Mkazi wa leo anakaa nyuma ya familia ya Zaragoza, na nyumba inakwenda. Ili nyumba ibaki yake, lazima nifute kule kufutwa. Niandike kwamba hakuondoka hata siku moja."

"Hakuondoka," akasema Visitación. "Naapa."

"Na mimi naapa," akasema Fermín.

Begoña akavuta karatasi ya mkaguzi. "Majirani watatu wamehojiwa. Wa kwanza, mwanamke mwenye aproni ya bluu." Kila mtu akatazama aproni ya Visitación. "Wa pili, mwanamume mwenye mbwa wengi, ametoa maelezo marefu." Fermín akajitia kutazama dirishani. "Sasa niwaamini lini? Siku ile au leo?"

"Siku ile tulikuwa tunaongea na mtu mwenye faili," akasema Visitación. "Leo tunaongea na wewe."

"Na mimi nina faili, mama."

"Wewe faili lako ni la hapa."

Bi Aurica, ambaye alikuwa akisikiliza kama anayeangalia wengine wakigawana nguo zake, akauliza: "Na jirani wa tatu ni nani?"

Begoña akasoma. "Mwanamume juu ya trekta, njia ya kisimani. Amesema, nanukuu, 'Ameondoka na hatarudi, na wewe usipite hapa na gari.'"

Trekta za Peñacierva zilikuwa nyingi, lakini anayekataza magari njia ya kisimani alikuwa mmoja. Hilario akatazama dari, akatazama picha ya mfalme, akakosa mahali pa kuweka macho.

"Nilidhani ni mtu wa faini za visima," akasema.

"Wewe ni meya, Hilario."

"Siku ile nilikuwa kwenye trekta."

Fermín akaangua kicheko, Visitación akafuatia, na hata Begoña akaficha mdomo kwa faili. Bi Aurica peke yake hakucheka. Aliona wanapendana wote mle ndani, naye akiwemo, na bado mwisho wa mwezi mtu atakuja na ufunguo.

"Basi andika kwamba walidanganya," akasema. "Yaishe."

Hapo kicheko kikakatika. Begoña akashusha kalamu. "Nikiandika kwamba majirani watatu, mmoja wao meya, walimdanganya mkaguzi, mkaguzi atarudi. Na safari hii hatauliza habari za mama Aurica tu. Ataingia kila nyumba."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwenye daftari Peñacierva ilikuwa na watu. Mitaani ilikuwa na milango tu. Binti wa Visitación aliishi Valencia tangu alipoolewa, na jina lake lilikuwa bado chini ya paa la mama yake. Watoto wote wa Fermín walikuwa Zaragoza. Mpwa wa Hilario alikuwa Ujerumani, tena huko ndiko alikozaa. Kijiji kilishikilia majina ya watoto wake walioondoka kama mtu anayeshika mlango kwa mguu, maana majina yakitoka, daktari anapunguziwa siku za kuja, shule inafungwa, basi linaacha kupita. Hali ndiyo hiyo: waliokwenda walikuwepo, na aliyekuwepo alikuwa amekwenda.

"Mimi sitasema kitu," akasema Visitación polepole, uso umempauka, "lakini kama ni lazima, shoga, mwache aandike. Amwandike na binti yangu."

Bi Aurica akamshika mkono. "Hapana, Visi. Hilo hapana."

Begoña akafikiri, akigonga kalamu mezani. "Kuna njia moja safi. Nyumba iliandikwa chini ya mwanao. Aliyeondoka akisema mwenyewe ni nani aliondoka naye na nani hakuondoka naye, sihitaji jirani yeyote. Nitaandika kwamba mkaguzi alichanganya watu wa nyumba moja, basi. Aseme tu kwamba mama yake haishi kwake. Leo kwa simu, kesho anitumie kwa maandishi."

"Hilo nalo ni jambo?" akasema Hilario, moyo umemtulia. "Mpigie Doru. Si mtoto wetu yule?"

Bi Aurica hakuitoa simu. Wote wanne wakamtazama.

"Mama?" akasema Begoña.

"Kazini yuko," akasema Bi Aurica. Kisha akaona aibu, akaitoa, akabonyeza. Begoña akaiweka katikati ya meza sauti ikiwa juu ili wote wasikie.

Doru aliitikia kwa Kiromania, mwenye furaha, kwa nyuma kuku wanalia. Begoña akajitambulisha kwa Kihispania, na Doru akahamia lugha hiyo naye bila kujikwaa, kwa lafudhi ile ile ya milimani iliyomfanya Fermín atabasamu.

"Ni swali dogo tu la daftari la wakazi," akasema Begoña. "Mama yako, Bi Aurica. Anaishi kwako huko Romania?"

"Ndiyo," akasema Doru.

Visitación akafunga macho. Hilario akajikuna kichwa kwa mikono miwili.

"Samahani," akasema Begoña. "Anaishi kwako?"

"Ndiyo, kwangu. Ameandikwa hapa."

"Doru," akasema Bi Aurica. "Mimi niko hapa nimekaa, ofisini kwa Hilario."

Kuku wakasikika peke yao. Halafu sauti ya Doru ikarudi, imepungua. "Mama? Walikuja kuhesabu watu. Karani akauliza nani anaishi nyumba hii. Nikataja mke wangu, nikataja watoto. Akauliza, na chumba cha juu? Nikaona haya kusema ni kitupu. Nikasema cha mama yangu. Akauliza, yupo? Nikasema yupo, katoka kidogo." Akakohoa. "Ulisema unakuja. Nilidhani utafika kabla hawajagundua."

Basi waliosema ameondoka wakawa wanne. Bi Aurica alikuwa amehesabiwa asikokuwepo, na amefutwa alikokuwepo, na kila aliyemhesabu na kila aliyemfuta alifanya hivyo kwa kumtaka. Alitamani mtu mmoja tu, mbaya kabisa, wa kumlaumu.

"Mwanangu," akasema, bado kwa Kihispania ili Begoña asipotee, "wanataka useme kwamba siishi kwako. Usiposema, nyumba ya mwalimu anapewa mwingine."

"Si waipe? Wewe una nyumba hapa. Umeijenga wewe na baba." Hakuwa amekasirika, alikuwa hajaelewa, na hilo lilimuuma mama yake zaidi. "Pasaka si karibu, mama? Unaipigania nyumba ya nini kwa miezi hii michache?"

Hakuna aliyemsaidia. Visitación alikuwa anatazama mikono yake. Bi Aurica alijua neno la kusema ili amani irudi, alilisema kila mwaka, lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi. Akapiga moyo konde akalimeza.

"Siji, Doru."

"Pasaka hii?"

"Siji kuishi. Nitakuja kuwaona, nitakaa nanyi mpaka mnichoke. Lakini kuishi siji. Nimekudanganya. Sikujua kwamba nakudanganya, nilidhani nasema ukweli utakaokuja baadaye." Sauti ilimtetemeka akaiachia itetemeke. "Huko kwetu niliondoka msichana. Sijui tena nani anaishi nyumba ipi. Sijui hata chumvi ikiniishia nigonge kwa nani. Nyumba ni nzuri, tumeijenga vizuri, lakini ni yenu. Mimi watu wangu ndio hawa, na waongo wakubwa ni hawa hawa."

Fermín akapenga kamasi kwa nguvu.

Walimsikia Doru akitembea, mlango ukafunguliwa na kufungwa, kuku wakapotea. Aliposema tena, alisema kama aliyesimama mahali wanawe hawamsikii.

"Bi Begoña, upo?"

"Nipo."

"Andika. Mama yangu haishi kwangu." Akapumua. "Hakuondoka nasi. Tulipoondoka alibaki barabarani, na yuko huko tangu hapo. Kwangu hajawahi kulala hata usiku mmoja."

Begoña akaandika. Kalamu yake ilisikika. Aligeuza karatasi akamwonyesha Bi Aurica mahali pa kutia sahihi, na Bi Aurica akatia, herufi zimempinda. Hilario akasema kwa sauti ya chini kwamba watu wa Zaragoza watapewa nyumba ya muuguzi iliyo tupu, yeye mwenyewe atapanda kuziba paa, na Visitación akamkanyaga anyamaze, maana simu ilikuwa bado wazi.

"Mama," akaita Doru. "Wamekuandika?"

"Wameniandika, mwanangu."

"Haya." Kuku wakasikika tena kwa mbali. "Basi kesho asubuhi nitakwenda kwa karani wa hapa nikakufute."

"Nenda," akasema Bi Aurica. Akaichukua simu mezani, akaitia sikioni peke yake, na wakabaki hivyo, mama na mwana, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyopumua, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata.